Kinyozi na Bakuli la Majani

Mimi nauza mboga sokoni, mume wangu ni kinyozi, na kwa miaka ishirini na mbili ya ndoa yetu kazi hizi mbili zilikutana mahali pamoja tu, mezani, na hata hapo hazikuelewana. Nikipika mchicha, anausogeza pembeni ya sahani, polepole, bila ugomvi, kama anavyosogeza nywele zilizoanguka kwenye meza yake ya kazi. Majani ni ya mbuzi, alikuwa akisema. Yeye anasimama kutwa nzima na miguu yake inataka kitu kizito. Nilishazoea, ila sikuwa nimemsamehe.

Mtaani wanamwita Taratibu. Kichwa ambacho kinyozi mwingine anakimaliza kwa robo saa, yeye anakipa dakika arobaini. Anazunguka kiti, anarudi nyuma hatua mbili, anafumba jicho moja, kisha anarudi kuondoa unywele ambao hata mwenye kichwa hakujua anao. Ana chumba kimoja kando ya barabara, karibu na duka la madaftari. Humo kuna kiti cha kuzunguka, benchi la wanaosubiri, kioo kikubwa chenye ufa kwenye kona ya chini, na rafu yenye mashine tatu za kunyolea, brashi, na mashine ya kukaushia nywele aliyoinunua kwa ajili ya wateja wenye nywele ndefu ambao hawajawahi kuja. Ukihamisha chanuo kwa upana wa kidole, anajua.

Kinyozi mwingine akafungua ng'ambo ya barabara. Kioo chake kimezungushiwa taa, viti vina mito, na muziki unaanza asubuhi. Taratibu alisema hayamhusu, kisha akaanza kupiga deki mara tatu kwa siku na kutafuta kila njia ya kuwaonyesha watu kwamba usafi uko kwake. Njia zenyewe sikumuuliza. Ningemuuliza, ningejiokoa na mambo mengi.

Mwezi wa pili tangu yule jirani afungue, vipele vilimtoka shavuni. Shavu la kushoto. Havikuwa viwili vitatu, lilikuwa kundi zima, vyekundu, kutoka chini ya jicho mpaka kwenye taya, na ngozi katikati yake imekauka inabanduka. Kwa mtu mwingine hayo ni maudhi tu. Mimi nikitokwa na vipele, nyanya zangu hazihusiki. Lakini mteja wa kinyozi anakaa kwenye kiti, anatazama kioo, na nyuma ya kichwa chake anauona uso wa pili. Anautazama, anautazama wembe, kisha anaanza kuuliza maswali. Wembe ni mpya? Mashine imepanguswa? Baada ya wiki chache benchi likawa na nafasi ya kulala.

Hayo yote Taratibu aliyavumilia, mpaka siku alipoondoka Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu amestaafu zamani, ila hakuna aliyethubutu kumvua cheo. Ndiye aliyemfundisha Taratibu kusoma, na ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza, enzi hizo Taratibu ana mkasi mmoja, kipande cha kioo kwenye msumari, na kiti alichokichukua jikoni kwangu bila kuniuliza. Watu walikuwa wakipita na kucheka. Mwalimu Mkuu alikaa kwenye kiti kile nje kabisa, kila mtu anaona, akanyolewa, kisha akasimama na kutangaza, kwa sauti ile ya kuita majina asubuhi, kwamba hajawahi kunyolewa vizuri hivi. Kesho yake kulikuwa na foleni. Tangu hapo, miaka kumi na tisa, alikuja kila Jumamosi saa tatu. Jumamosi moja saa tatu ilipita hajafika. Saa tatu na nusu Taratibu alimwona kwenye kioo akivuka barabara kwenda ng'ambo, kofia mkononi.

Siku hiyo alirudi nyumbani akakaa bila kuvua viatu.

"Nikimpoteza Mwalimu, nafunga," aliniambia.

Nilijua hatanii. Halikuwa suala la kichwa kimoja, tena kichwa chenyewe kimebaki na nusu ya nywele. Mwalimu Mkuu ndiye aliyemwambia kwamba yeye ni kinyozi, na mume wangu aliamini hivyo kwa sababu ya maneno yale. Sasa aliona maneno yenyewe yamevuka barabara.

Binti yetu yuko chuoni, anasoma mambo ya lishe, mwaka wa pili, na mtu wa mwaka wa pili hana swali linalomshinda. Alimtazama baba yake kwenye simu, akamwagiza asogee kwenye mwanga, akamwagiza ageuze shavu, akatoa hukumu. Chakula. Nyama kila siku, mafuta yaliyokaangiwa mara tatu, soda mbili kabla jua halijazama. Akaamuru mwezi mzima wa saladi ya mimea mitupu, bakuli kubwa kila mchana, bila nyama, bila samaki, bila yai, bila maziwa, na bila asali. Mwili utapata afya, ngozi itang'aa, wateja watarudi wenyewe. Baba yake aliyakubali yote mpaka kwenye asali. Alitaka kujua asali imekosa nini. Alipoambiwa inatoka kwa nyuki, akauliza kama nyuki naye ni mnyama, na hapo ikawa mjadala wa robo saa na salio la simu likaisha.

Mimi niliuliza swali moja tu. Chakula kibaya kinajuaje kuchagua shavu la kushoto? Binti alinijibu kwamba mwili ni mfumo. Nikarudi kuchambua mchicha wangu, maana mimi sikusomea mifumo.

Kesho yake Taratibu alikuja kwenye meza yangu sokoni, mara ya kwanza katika ndoa yetu kuja kama mteja. Alisimama kwenye foleni nyuma ya wanawake watatu, mikono nyuma, na zamu yake ilipofika alinisalimia kama mtu asiyenijua. Nilimhudumia. Nilimchagulia spinachi changa yenye majani madogo, letusi, nusu ya kabichi nyekundu, karoti, matango, bitiruti na malimau. Nilimwonyesha kwamba parachichi halibonyezwi tumboni, linabonyezwa karibu na kikonyo, na kidole kikizama kidogo tu basi limeiva. Nilimtuma meza ya pili kuchukua dengu, ufuta na mbegu za maboga, kwa sababu mtu anayesimama kutwa akila majani peke yake ataanguka juu ya wateja. Alisikiliza yote hayo kwa heshima. Miaka ishirini na mbili nimekuwa nikiyasema mezani.

Jumapili alinifukuza jikoni. Nilivuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa mlangoni. Alitandaza juu ya meza kitambaa kipya cha kuwafunga wateja shingoni, akanoa kisu kwenye mkanda wa ngozi wa kunolea wembe, akaanza. Tango alilikata vipande vyembamba kiasi kwamba ungeweza kumsoma mtu usoni kupitia humo, na kila kipande alikiinua kwenye mwanga kabla ya kukikubali. Karoti aliikwangua mpaka ikawa nyuzi. Dengu, alizokuwa amezilowesha tangu jana yake na kuzichemsha asubuhi, alizimenya maganda moja moja. Nilimwambia hakuna mtu anayemenya dengu. Akaniambia hakuna mtu anayenyoa kama yeye pia.

Tatizo likawa majani. Binti alikuwa ameandika kwenye ujumbe, kwa herufi kubwa, kwamba majani yakiwa na maji mchuzi wa saladi hautashika, utashuka wote chini ya bakuli. Taratibu aliyaosha majani, akayatazama yanavyodondosha maji, akatoka nje. Baada ya dakika kumi alirudi na ile mashine ya kukaushia nywele. Hatimaye ilikuwa imepata mteja.

Alianza na hewa ya moto. Aliinamisha kichwa, mkono mmoja mashine, mkono mwingine unainua majani kwa chanuo ambalo aliapa ni jipya, na mbele ya macho yangu spinachi yote ililala kama imepigwa pasi. Alibonyeza kitufe cha hewa baridi. Letusi ikapaa. Jani moja lilikwenda juu ya kabati, moja likanasa kwenye pazia, moja likanijia mimi mlangoni. Nilicheka mpaka ndoo ikapinduka nami juu yake. Yeye alikuwa ameshazima mashine na kushika jani moja kati ya vidole viwili.

"Lakini limekauka," alisema.

Kweli lilikuwa limekauka. Na niseme haki, yaliyofuata yalininyamazisha. Kabichi ni ngumu, ukiila mbichi unatafuna kama unaadhibiwa. Yeye aliitia chumvi na limau, akaingiza mikono yote miwili, akaanza kuisugua polepole, kwa ncha za vidole, kama anavyosugua kichwa cha mteja aliyechoka. Dakika tano tu kabichi ikalegea, ikatoa rangi, ikawa laini. Parachichi alilipondaponda na limau, kitunguu saumu na ufuta uliokaangwa kidogo bila mafuta, akalegeza na maji vijiko viwili, akaumwaga mchuzi huo juu ya majani na kugeuza kila kitu mara chache, bila kuponda. Mbegu za maboga alizinyunyiza mwisho ili zisilowe. Akala. Alitafuna muda mrefu, akasema inataka subira, akamaliza bakuli lote. Nilionja iliyobaki kwenye mwiko. Ilikuwa tamu, na nilikasirika sana.

Wiki ya pili mama mkwe alikuja kututembelea. Alifika saa ya chakula akamkuta mwanawe wa pekee ameinamia bakuli la majani mabichi. Alinivuta hadi uani, akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa huruma kabisa, kama siku hizi namlisha mume wangu mboga zilizokosa wanunuzi. Nilimweleza habari ya ngozi. Akasema ngozi ya mwanawe ilikuwa nzuri alipomkabidhi kwangu. Jioni alichinja kuku aliyekuja naye, akampika kwa mikono yake, akampakulia mapaja yote mawili, na Taratibu akakataa. Mama alilia machozi kabisa. Alilala siku tatu kwetu. Siku ya pili nilimkuta jikoni amesimama na bakuli la saladi, anatafuna upande wenye meno, na alipoona nimemwona akanyoosha mgongo.

"Na mimi uso ninao, mwanangu," akasema.

Aliondoka na maelezo yote kwenye karatasi, na parachichi nne.

Mchana Taratibu alilazimika kula kazini, na hapo tulipata adui mwingine. Saladi na kinyozi havikai chumba kimoja. Siku ya kwanza aliweka bakuli kwenye rafu, kati ya brashi na mashine, akarudi nyumbani anapangusa ulimi. Nilipomuuliza, aliniambia kwamba amekula nyusi za mtu. Tangu hapo bakuli lilikuwa na kifuniko, likikaa kwenye dirisha la nyuma, naye alikuwa akila huko nje akiwa amesimama. Wateja wachache waliobaki walimfuata kuuliza anakula nini, na kwa kuwa ni mtu asiyejua kujibu kifupi, aliwahubiria. Aliwaambia kwa nini dengu, kwa nini limau, kwa nini mafuta ya parachichi yanamsaidia mtu kunufaika na karoti. Wakaanza kuja kwenye meza yangu, wanaume wazima, wakiomba spinachi changa na kubonyeza parachichi kwenye kikonyo.

Na saladi ilifanya kazi. Sitaki kuidhulumu. Kitambi kilipungua, akapanda ngazi za sokoni bila kusimama katikati, usiku akaacha kukoroma nami nikakumbuka usingizi ni nini. Macho yakawa meupe. Shavu la kulia likaanza kung'aa, si mzaha, kama la bwana harusi. La kushoto likazidi kuharibika. Mwezi ulipokwisha alikuwa na uso wa watu wawili, na alijifunza kusimama upande upande ili mteja aone ule mzuri. Binti aliongeza bitiruti. Kisha akaongeza mwezi. Mwalimu Mkuu aliendelea kuvuka barabara kila Jumamosi, na kila Jumamosi saa tatu mume wangu aliacha kazi aliyoishika akatazama kioo mpaka kofia ile ipite.

Jumamosi moja alisahau bakuli nyumbani. Nilimpelekea. Mimi huwa sikai mle ndani, ni mahali pa wanaume na maneno yao, lakini alikuwa katikati ya kichwa, nikakaa kwenye benchi kusubiri. Ndipo nikaona. Alimaliza kunyoa, akachukua spiriti, ile dawa inayochoma ya kuua vijidudu, akalowesha pamba. Kabla ya kumgusa mteja aliinama karibu na kioo, akajipaka yeye. Shavu la kushoto. Kutoka chini ya jicho mpaka kwenye taya.

"Umeona?" akamwambia mteja. "Haichomi. Natumia mwenyewe." Kisha akachukua pamba nyingine akampaka yule mtu.

Nikasubiri mteja wa pili. Akajipaka. Mteja wa tatu aliliangalia shavu la mume wangu kwa wasiwasi, naye Taratibu akajipaka mara mbili ili kumtoa hofu. Nilikaa pale saa nzima na bakuli mapajani. Wenye hofu zaidi ndio aliojipakia zaidi, na alivyozidi kujipaka ndivyo alivyozidi kuwatia hofu. Wote walipotoka nilimuuliza mchezo huu ulianza lini. Tangu yule wa ng'ambo afungue, alinijibu, kwa fahari. Kule wanakupaka tu. Yeye anajitanguliza.

Nilimwambia kwamba spiriti ndiyo inayomla shavu. Nilimwambia polepole, kisha nikamwambia kwa sauti. Akakataa. Spiriti inasafisha, itachafuaje? Tena akiacha leo, watu watasema kumbe ilikuwa inachoma. Nilimwambia inachoma, kila mtu mwenye shavu anajua inachoma. Akanijibu kwamba mimi ni mtu wa mboga. Nilimwachia bakuli lake nikaondoka nikiwa na hasira ambayo iliniuzisha kabichi mbili kwa bei ya moja.

Mwalimu Mkuu alikuja kwenye meza yangu Jumanne. Na yeye alikuwa amefikiwa na habari za saladi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniomba nimchagulie letusi iliyokaza. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa vibaya. Nyuma ya sikio kulikuwa na ngazi mbili, na nilipoziona nilishindwa kuuzuia mdomo wangu. Nilimuuliza, kwa heshima yote, vipele vya mume wangu vimemkosea nini mpaka akamhama baada ya miaka kumi na tisa.

Aliweka letusi chini. Akaniangalia kama mtoto aliyejibu swali ambalo halikuulizwa.

"Vipele gani, mama? Mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na nne. Nimeona upele wa kila aina. Nilikaa kwenye kiti chake kabla hajawa na ukuta. Sikumuuliza chochote. Sasa kila nikikaa anajiunguza uso mbele yangu ili kunithibitishia kwamba hatanidhuru. Mimi. Nilistahimili miezi miwili. Wa tatu sikuweza."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia. Akasema alijaribu, ila Taratibu alidhani analalamikia dawa, akajipaka tena.

Jioni hiyo tulikuwa jikoni, mume wangu anasugua kabichi, mimi nachambua spinachi, kwa sababu tangu mwezi wa pili wa saladi alikuwa ameniruhusu kuingia. Nilimweleza maneno ya Mwalimu Mkuu kama yalivyosemwa, bila kuongeza chumvi, jambo ambalo si tabia yangu. Mikono yake ilisimama ndani ya bakuli. Nilisubiri aniambie mimi ni mtu wa mboga. Alibaki ameinama, na maji mekundu ya kabichi yanapita katikati ya vidole vyake, mpaka nikamwambia itaharibika. Akaendelea kusugua.

Kabla ya Jumamosi alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Mkuu na bakuli la saladi lenye kifuniko. Walizungumza nini sijui. Najua tu kwamba alikaa huko mpaka nikapiga simu mara mbili, na kwamba alirudi na bakuli tupu, limeoshwa.

Jumamosi niliacha meza yangu kwa jirani, nikasema naenda kupeleka chakula. Mwalimu Mkuu alikuwa tayari kwenye kiti, kitambaa shingoni, macho amefumba. Kulikuwa na watu wawili kwenye benchi, na wote wawili walikuwa wakimtazama mume wangu shavu. Taratibu alianza na zile ngazi za nyuma ya sikio. Alitumia dakika hamsini. Alipomaliza alichukua spiriti, akalowesha pamba, na mkono ukapanda wenyewe kuelekea usoni kwake. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, mkono ulikuwa umesimama hewani.

"Umejipaka?" akauliza Mwalimu Mkuu, macho bado amefumba.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi nipake."

Akampaka shingo, polepole, na yule mzee akakunja uso wote mpaka meno yakaonekana.

"Inachoma," akasema.

"Inachoma, Mwalimu. Inachoma sana. Nilikuwa nawadanganya."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, kisha wa pili, kisha Mwalimu Mkuu mwenyewe, mabega yanaruka chini ya kitambaa. Taratibu hakucheka. Alikuwa anafuta machozi kwa mkono wenye pamba ya spiriti, na hiyo ikamwingia jichoni, ikabidi nimshike kichwa nimwoshe kwa ile chupa ya kunyunyizia wateja maji. Nilimshika taya, lile la kushoto, lenye vipele vyake vyote. Miaka ishirini na mbili nimemkasirikia mtu huyu kwa ajili ya mchicha, na pale mbele ya wateja wake nilimpenda mpaka nikaona aibu. Mwalimu Mkuu alisubiri tumalize. Kisha akamwambia bado kuna unywele mmoja upande wa kulia, na mume wangu akarudi nyuma hatua mbili kuutafuta.